Kumtafuta Daktari wa Alhamisi

Kwa miezi sita kanisa letu la Subukia liliniombea macho. Macho yangu hayakuwa na shida yoyote. Hata leo, nikiwa na miaka sitini na tisa, nasoma gazeti bila miwani, mradi nilisogeze mbali kidogo. Shida yangu ilikuwa chini zaidi, na sikuwa na nia ya kuisimulia mbele ya watu ambao nimewapimia maziwa miaka ishirini na sita.

Uongo huo niliuanzisha mwenyewe, nikiwa nimesimama stejini nikingoja matatu, barua ya zahanati mfukoni. Jirani aliniuliza naenda wapi Nakuru na koti refu hivyo, jua likiwaka. Nikasema naenda kuangaliwa macho. Ndicho kiungo cha kwanza kilichonijia akilini. Kufikia Jumapili habari ilikuwa imetangazwa kanisani, na mzee mmoja wa kanisa, rafiki yangu tangu ujana, akaniletea nusu chupa ya dawa ya macho aliyoachiwa na marehemu mama yake. Niliipokea na kumshukuru.

Ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi kukojoa. Ilianza polepole, kwa muda ambao sasa naona aibu kuuhesabu. Nilikuwa nasimama chooni hadi miguu inachoka, natoka, na kabla sijafika mlangoni pa nyumba nahisi tena. Mke wangu aliniambia niende hospitali na mimi nikamwambia ni uzee. Halafu Jumanne moja ya mwezi wa kwanza, kabla ya chakula cha mchana, mkojo ukakataa kabisa. Tumbo likafura, nikawa natembea ndani ya nyumba nimeshika kuta. Mke wangu alinifungia viatu kamba, akaita pikipiki, akapanda nyuma yangu.

Pale zahanati kijana aliyekuwa zamu alinipitishia mpira, na mkojo ukajaza mfuko wa kwanza hata wakatafuta wa pili. Nililia, na haikuwa kwa uchungu. Sijawahi kushukuru mtu kama nilivyomshukuru yule kijana.

"Mzee, hii ni tezi dume imefura, imefunga njia," aliniambia. "Mpira unakusaidia tu kwa muda. Tafuta urologist, huyo daktari wa mkojo, akutolee shida yenyewe. Usikae na mpira miezi mingi. Infection ikipanda kwa figo, hiyo sasa ni hadithi ingine."

Akaniuliza kama nina bima ya serikali. Nikasema ninayo, na nimekuwa nikiilipa bila kuruka. Akasema basi hakuna shida. Nilimwamini, kwa sababu alikuwa amenitoa uchungu saa hiyo hiyo.

Nilirudi nyumbani na mfuko umefungwa pajani, juu ya goti. Kabatini kulikuwa na koti langu la kazi, lile refu jeupe nililokuwa nikivaa kituo cha maziwa. Likanifunika hadi chini ya magoti. Koti hilo ndilo nililovaa miezi yote sita, mvua na jua, na ndilo lililomfanya jirani aulize maswali stejini.

Hapa lazima nieleze habari ya simu, maana bila hiyo mengine hayataeleweka.

Bima hii mpya ilipoanza, wahudumu wa afya wa kijiji walizunguka nyumba kwa nyumba kuandikisha watu. Wetu ni mama mmoja anayekaa ng'ambo ya shamba langu, mtaa wa pili kutoka mtoni. Kijijini tunamwita daktari, nusu kwa heshima na nusu kwa utani. Alikuja na mkoba wake mgongoni na ile simu yao, akaniandika jina, kitambulisho, idadi ya watoto. Alipofika kwenye namba ya simu, nilikataa. Wiki hiyo matapeli walikuwa wamempigia mtu wa hapa karibu wakamsafisha akaunti. Na mtu aliyekaa maisha yake akipima maziwa ya wengine hamwamini mtu.

"Weka yako," nilimwambia. "Ikiliwa, iliwe yako."

Alinitazama. "Baba, una hakika? Hii ndiyo itakuwa namba yako kwa kila kitu."

"Weka yako," nikarudia, na nikarudi kwa ng'ombe wangu.

Kulikuwa na jambo lingine kati yetu, na nililijua hata nikiongea hivyo. Miaka mingi nyuma, watoto wake wakiwa wadogo, aliwahi kuleta maziwa kituoni asubuhi ya mvua kubwa. Nilitumbukiza kipimo, nikakiona kimezama kupita kiasi. Maziwa yalikuwa na maji. Labda yalikuwa ya mvua, labda mtungi uliachwa haujakaushwa, labda aliyaongeza mwenyewe, sijui. Kazi yangu ilikuwa kuyakataa, na hilo sijutii. Lakini nilikiinua kile kipimo juu, foleni nzima ikaona, nikasema kwa sauti, "Mama, sisi hapa tunanunua maziwa, maji tunayo mtoni." Watu wakacheka. Alibeba mtungi wake akaenda kumwaga kando ya barabara, na kwa muda mrefu alipeleka maziwa yake kituo cha mbali, kwa miguu.

Basi huyo ndiye niliyemwachia namba.

Hospitali ya kwanza ilikuwa ile kubwa mjini Nakuru. Nilifika mapema, nikapewa karatasi, nikakaa benchini hadi karibu saa sita. Dada wa dirishani aliingiza kitambulisho changu kwenye kompyuta akaniambia, "Mzee, angalia simu. Code imeingia?"

"Code gani?"

"Ya kuonyesha ni wewe. Imeenda kwa number yako."

Nilimwambia simu yenye namba hiyo iko nyumbani. Hakunibishia, nadhani alikuwa ameshawasikia wazee wengi wakisema hivyo. Aliisoma ile namba kwenye kioo akaipiga mwenyewe. Nilimsikia akisema, "Mathe, sasa, tuko na mzee wako hapa," nikasogea mbali, nikajifanya nasoma bango la kunawa mikono. Sikutaka kusikia. Baada ya muda aliniita akasema imeingia. Nilitoka jasho chini ya koti kana kwamba nimekamatwa na kuku wa mtu.

Code ikaingia lakini daktari hakuwepo. Huyo wa mkojo alikuwa akija siku moja tu kwa wiki, na wiki hiyo alikuwa likizo, na walio kwenye orodha kabla yangu walikuwa wengi. Nilipewa tarehe ya mwezi wa tano. Nikamwonyesha dada mfuko. Nilifungua koti kidogo, kwa aibu kubwa, nikamwonyesha. Akasema pole sana, mzee, na nikaona pole yake ilikuwa ya kweli. Tarehe ilibaki mwezi wa tano.

Niliporudi kijijini nilikuwa nimejiandaa kusutwa. Nilijua yule mama atakuwa ameshasambaza. Jumatano nilikutana naye dukani, pembeni kukiwa na watu wanne au watano wamesimama wakinywa soda.

"Baba, macho yanaendeleaje?" aliuliza.

Nikamtazama usoni. Hakukuwa na kitu. Nikasema yanaendelea vizuri, na nikaenda zangu nikiwa na furaha kwamba hakuelewa lolote alipopigiwa.

Jumapili iliyofuata alinikera. Nafasi yangu kanisani ni benchi la pili kutoka mbele, upande wa wanaume, nimekaa hapo tangu tujenge hilo kanisa kwa mabati. Nilipofika nilimkuta amesimama katikati ya njia. Yeye na kina mama wa kikundi chake ndio hupanga mabenchi.

"Baba, leo utakaa huku nyuma," alisema. "Hapa kando ya mlango. Kuna mwanga mzuri, utasoma wimbo bila kujisumbua."

Sikutaka kubishana kanisani. Nilikaa. Lakini moyoni nilisema huyu mama ananilipiza yale maziwa. Mzee mzima nimekalishwa nyuma na vijana wanaochelewa na wanawake wenye watoto wanaolia. Na wiki iliyofuata nafasi yangu ilikuwa pale pale, hata ameiwekea mto. Nitakubali kwamba ibada zetu ni ndefu, na kwamba choo kiko upande huo, na kwamba katikati ya mahubiri niliweza kutoka nikamwaga mfuko nikarudi bila mtu kugeuza shingo. Nilichukulia hiyo kuwa bahati yangu.

Sikuweza kungoja mwezi wa tano nikiwa nimekaa. Niliingia mjini tena na tena. Kuna jengo moja lenye madaktari ghorofa zote nne, na ghorofa ya tatu kulikuwa na kibao cha daktari wa njia ya mkojo, kimeandikwa kwa dhahabu. Nilipanda ngazi nimeshika mfuko kwa mkono usiyumbe. Msichana wa mapokezi alikuwa na adabu. Alisema bima ya serikali wanaichukua, ila ni kwa aliyelazwa, na hapo hawalazi. Nikamuuliza basi wanaichukuaje. Akatabasamu, akaniambia naweza kumwona daktari kwa pesa taslimu. Nilishuka ngazi.

Mahali pengine walikubali kadi, wakaniandika, code ikaombwa, ikapigwa, ikaja, nikakaa. Nikafurahi kabisa. Baada ya saa moja muuguzi akatoka akatangaza kwamba wasimamizi wa hospitali wamesitisha bima kuanzia siku hiyo mpaka walipwe madeni yao na serikali. Tulikuwa watu kama kumi na wawili. Hakuna aliyelalamika. Tuliinuka mmoja mmoja, tukachukua bahasha zetu. Nadhani hicho ndicho kilichonichosha kuliko yote, ule utaratibu wetu wa kuinuka.

Mwezi wa tano ulipofika nikaenda ile tarehe yangu. Daktari alikuwa amehamishwa. Nikapewa tarehe ya mwezi wa tisa.

Kumbuka kila dirisha nililofika lilimpigia yule mama. Kwa hiyo niliamua kubadilisha namba, niweke yangu, nimalize hii habari ya kutembea na jirani mfukoni. Nilienda ofisi yao mjini. Kijana aliyenihudumia alikuwa mwepesi wa vidole.

"Sawa mzee, tunabadilisha. Code imetumwa kwa number ya zamani."

"Hiyo ndiyo nataka kuitoa."

"Ndiyo, lakini lazima mwenyewe akubali."

"Mwenyewe ni mimi."

"Kwa system, mwenyewe ni simu," alisema, bila ubaya wowote.

Nilimwambia aache. Kumpigia yule mama nimwambie namtoa kwa sababu simwamini ilikuwa kazi ambayo sikuwa na nguvu nayo. Nilitoka nje nikakaa ukutani. Mpira ulikuwa umebadilishwa mara nne kufikia hapo, na mara mbili nilikuwa nimeshikwa na homa hadi meno yanagongana. Katika damu walikuwa wameona figo zinaanza kuchoka. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na wa kumwonyesha hasira hiyo, kwa sababu kila niliyekutana naye alikuwa mpole.

Daktari wa Alhamisi nilimpata kupitia mwanamume mwenye koti. Nilikuwa nimeketi hospitali ileile kubwa, nimeenda kubadilishiwa mpira, nikamwona mtu mmoja wa umri wangu au chini kidogo anaingia. Jua lilikuwa kali na yeye alikuwa amevaa koti la mvua. Alikuwa anatembea akitupa mguu wa kulia nje kidogo, kama mtu aliye na kitu pajani asichotaka kigongane na kingine. Akanitazama koti langu. Akaja akakaa kando yangu bila kuuliza.

"Niaje mzee. Wa kulia ama wa kushoto?"

"Wa kushoto," nikajibu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mitano kucheka kutoka tumboni.

Alikuwa dereva wa malori, makao yake Salgaa. Alisema pale Salgaa madereva wanaokaa kwenye usukani kutwa nzima wanajuana kwa shida hii, na wanajua ni nani anachukua kadi na nani anakuzungusha. Kuna hospitali ya misheni, aliniambia, unapita Salgaa unakata kushoto. Daktari wa mkojo anafika pale Alhamisi moja, anaruka nyingine. Anachukua bima ya serikali, anapasua Alhamisi hizo hizo, na hana maringo.

"Mbona uko hapa basi?" nilimuuliza.

"Nimepewa siku. Nangoja tu, nimekuja kubadilisha paipu. Enda mapema mzee. Wakifungua gate wakupate hapo."

Nilienda. Lango lilipofunguliwa walinikuta hapo. Daktari alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono baridi, aliyeomba msamaha kabla ya kunipima. Alisema tezi ni kubwa lakini haionekani kuwa na ubaya, na damu ikathibitisha. Hatakata tumbo. Atapitisha kifaa ndani ya njia yenyewe na kukwangua. Nikamuuliza mara mbili kama kweli wanachukua bima. Akasema, "Mzee, hiyo tu ndiyo wagonjwa wangu wanayo." Nikapewa siku, Alhamisi ya pili ya mwezi wa saba.

Siku hiyo nilikuja na mke wangu, ng'ombe tukawaachia kijana wa kazi wa jirani. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Nilikuwa wa tatu kwenye orodha. Mwanamke wa kuandikisha aliingiza kitambulisho changu, na mimi, kwa mazoea, nikaanza kusogea mbali.

"Mzee, hii simu haipatikani," alisema.

Nilirudi. Akapiga tena, akaweka sauti nje. Mteja hapatikani kwa sasa. Miezi yote hiyo, kila dirisha, yule mama alikuwa akishika simu mara ya kwanza ikilia. Sikuwa nimewahi hata kulifikiria. Nilikuwa nimelichukulia kama maji ya mfereji.

"List ya leo inafungwa saa nne," alisema yule mwanamke. "Bila code siwezi kupata approval. Kama haitaingia nitapea anayefuata, na wewe urudi daktari akija tena. Pole, si mimi."

Ilikuwa saa tatu na robo. Nilijua hali ya figo zangu, na mke wangu alijua pia. Alinitazama na kuniambia, "Piga simu." Hakusema kwa nani. Anayekaa karibu na yule mama ni rafiki yangu, mzee wa kanisa, yule wa dawa ya macho. Nikampigia.

"Nenda kwa huyu mama daktari," nilimwambia. "Mwambie awashe simu haraka. Niko hospitali, nafanyiwa operesheni."

"Ya macho?"

Nilikuwa nimeshavalishwa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, na mfuko wa mkojo mkononi.

"Ya macho," nikasema.

Saa nne kasoro kumi simu ya pale mezani ililia. Yule mwanamke alikuwa ameiacha kwenye sauti ya nje, na mimi safari hii sikusogea.

"Ni mimi," ilisema sauti ya yule mama, akihema. "Stima imepotea tangu jana. Nimekimbia hadi duka lenye sola. Code ndiyo hii." Akaisoma namba moja moja, yule mwanamke akaandika. Kisha akaendelea. "Na tafadhali mwambie huyo mzee asiogope. Na wakishamaliza, asiwasumbue watoe mpira haraka. Mkojo kwanza uwe safi, usiwe na damu. Yeye hana subira."

Mke wangu alitazama sakafu. Nikajua yeye pia alijua kwamba mama anajua. Nikaomba simu.

"Mama," nikasema. "Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza, baba. Yule dada wa Nakuru alinisomea file karibu yote."

"Na hukumwambia mtu."

"Ulisema ni macho," alisema. "Sasa mimi nikupinge mbele ya watu?"

Hakuwa amelisema kwa uchungu wala kwa kunikumbusha chochote. Alikuwa bado anahema, na nyuma yake nilisikia mtu wa duka akimdai nafasi ya chaji. Lakini mimi nilikuwa nimesimama tena kituoni asubuhi ya mvua, kipimo kiko juu, foleni inacheka. Kipimo kilisema kilichosema. Ile sauti ya juu ilikuwa yangu. Yale yalikuwa maziwa tu, na nilishindwa kumnong'onezea.

Nikafikiria benchi la nyuma. Mtu mwenye macho mabaya huwekwa mbele, karibu na ubao wa nyimbo. Mimi niliwekwa kando ya mlango wa kuelekea choo, nikawekewa mto. Miezi mitano nilikaa pale nimenuna.

Operesheni yenyewe sina mengi ya kusema, miguu yangu ilikufa ganzi na nikasikia daktari akizungumzia mvua na muuguzi. Siku ya nne mkojo ulikuwa safi na wakatoa mpira. Waliniambia ninywe maji na ningoje. Niliingia choo cha wodi, nikasimama, nikaogopa kama mtoto anayengoja kuitwa darasani. Kisha ukatoka. Ulichoma, na ulitoka vizuri. Nilishika ukuta kwa mikono miwili nikamshukuru Mungu pale pale, kwa maneno ambayo sitayaandika.

Jumapili ya tatu baada ya hapo nilirudi kanisani bila koti. Kwa mazoea nilielekea benchi la kando ya mlango, nikakuta limejaa. Rafiki yangu, mzee wa kanisa, alikuwa amekaa pale juu ya ule mto wangu. Aliniambia mama daktari amemwomba akae hapo kwa muda, kwa sababu ya mgongo. Sikumwuliza kitu. Nilienda nikakaa benchi langu la zamani.

Kwetu mtu akipona husimama kushuhudia. Mchungaji aliniita kwa jina la mzee wetu aliyerudishiwa macho. Nilisimama, nikashika benchi la mbele. Nilikuwa nimepanga kusema maneno mawili, nishukuru, niketi. Nilimwona yule mama kule nyuma, amemshika mjukuu wake mkono, ananitazama kama anavyomtazama mtu yeyote.

"Haikuwa macho," nikasema. "Ilikuwa mkojo. Nilikaa na mpira miezi sita, na huyu mama alijua, na akanistahi. Mimi nami, wazee mnakumbuka, sikumstahi siku ya maziwa. Mama, niwie radhi."

Hatimaye mchungaji akasema amina, na watu wakaitikia, wengine wakitazama viatu. Yule mama alitikisa kichwa kidogo, akaendelea kumfunga mjukuu vifungo vya sweta.

Baada ya ibada kina mama walikuwa wakigawa chai nje. Rafiki yangu alinijia, akanivuta hadi nyuma ya tangi la maji. Alisimama akikata kijiti vipande vipande.

"Huyo daktari," alisema. "Anachukua hii kadi yetu ya serikali?"

"Anachukua. Kila Alhamisi ya pili. Unapita Salgaa, unakata kushoto."

"Ni vile macho yangu," alisema, bila kuniangalia. "Yananisumbua kidogo. Nimeenda Nakuru mara mbili wakanirudisha."

"Wakati wa kuandikisha, ulitoa namba ya nani?"

Alitazama upande wa kina mama, pale yule mama alikuwa ameinama akisuuza vikombe, simu imetokeza kwenye mfuko wa sweta.

Nikamshika mkono. Nikamwambia twende tumwombe aiweke chaji siku ya Jumatano.